Kutoka Ukurasa wa Kusoma hadi Ukurasa wa Kutenda: Historia ya Programu Tumizi za Wavuti na Sarufi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya wavuti tangu ilipokuwa mkusanyiko wa kurasa za kusomwa hadi ilipogeuka kuwa uwanja wa programu za kutumiwa, na yanachunguza mabadiliko hayo yalikidai nini Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba athari kubwa ya programu tumizi zenye mwingiliano haikuwa katika msamiati, kama inavyosemwa mara nyingi, bali katika sarufi. Ukurasa wa kusoma hubeba sentensi iliyokamilishwa na mwandishi. Ukurasa wa kutenda huunda sentensi papo hapo kwa kuunganisha vipande. Lugha yenye upatanisho wa ngeli haiwezi kuunganishwa hivyo bila kuvunjika. Makala yanaonyesha jinsi tatizo hilo lilivyozuka, njia ambazo wafasiri walizitumia kulikwepa, na kwamba nyenzo za kulitatua zimo tayari katika kamusi zetu.

Maneno msingi: wavuti, programu tumizi, upatanisho wa kisarufi, ngeli, ujanibishaji

1.0 Utangulizi

Historia ya Kiswahili katika intaneti kwa kawaida husimuliwa kama historia ya istilahi. Tunafahamu vizuri mjadala wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Tunafahamu pia kwamba panapoandikwa nenosiri mahali pamoja, pengine huandikwa nywila. Mjadala huo una thamani yake, kwani lugha isiyo na jina la kitu haiwezi kukizungumzia kitu hicho. Hata hivyo, mkazo uliowekwa katika istilahi umefunika swali jingine ambalo, kwa maoni yetu, ni zito zaidi. Je, baada ya maneno yote kupatikana, sentensi ya Kiswahili inaweza kusimama kwenye kioo cha kompyuta au simu?

Swali hilo halikuwapo wavuti ilipoanza. Lilizaliwa pale kurasa zilipoacha kuwa maandishi na kuwa vyombo vya kufanyia kazi: kutuma barua, kutafuta njia katika ramani, kulipa ada, kuomba cheti. Ili kulielewa, inafaa kwanza kueleza mabadiliko yenyewe yalivyotokea. Sehemu ya pili na ya tatu zinaeleza historia ya jumla ya wavuti. Sehemu ya nne inaitazama Afrika Mashariki. Sehemu ya tano inachambua tatizo la kisarufi, na ya sita inaeleza lina maana gani kwa watumiaji wa Kiswahili katika eneo letu.

2.0 Ukurasa wa Kusoma

Wavuti ilibuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Pendekezo lake la kwanza liliandikwa mwaka 1989, na tovuti ya kwanza ilianza kazi kabla ya mwaka 1991 kwisha. Mwaka 1993 CERN iliitoa teknolojia hiyo itumiwe na yeyote bila malipo, na mwaka huohuo kivinjari cha Mosaic kiliifanya ipendeze machoni pa watu wasio wataalamu.

Muundo wa wavuti ya wakati huo ulikuwa sahili. Ukurasa ulikuwa hati, na hati iliunganishwa na nyingine kwa viungo. Msomaji alipobofya kiungo, kivinjari kiliomba hati mpya kutoka kwa seva, kikaifuta ile ya zamani, kikaionyesha ile iliyoletwa. Tendo kubwa la mtumiaji lilikuwa kuchagua asome nini baada ya kile alichokisoma.

Kwa Kiswahili, mlango huu ulikuwa mpana. Hati za Kiswahili huandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na alama za ziada, kwa hiyo hazikuhitaji fonti maalumu kama ilivyokuwa kwa Kiamhari, wala hazikupoteza alama njiani kama zilivyoweza kupoteza hati za Kiyoruba au Kigikuyu. Kilichotakiwa kilikuwa mtu wa kuandika. Si ajabu basi kwamba mwaka 1994, wavuti ikiwa bado changa, mradi wa kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, chini ya Martin Benjamin. Mradi huo una nafasi ya pekee katika historia tunayoieleza, kwa sababu uliwaalika watumiaji wachangie vidahizo vyao wenyewe. Wazo kwamba msomaji anaweza kuwa mhariri lilikuwamo katika kazi za Kiswahili kabla halijawa mtindo wa dunia nzima.

Upungufu wa Kiswahili katika kipindi hiki ulikuwa wa wingi wa maandishi. Haukuwa wa ubora wa lugha. Aliyetaka kuandika sentensi sahihi aliiandika, na msomaji aliipokea kama ilivyoandikwa.

3.0 Ukurasa Unaanza Kutenda

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Mwaka 1995 Brendan Eich wa kampuni ya Netscape alitengeneza, kwa muda wa siku kumi, lugha ya programu iliyokuja kuitwa JavaScript. Kwa mara ya kwanza kivinjari kiliweza kufanya kazi ndogondogo chenyewe, bila kurudi kwa seva: kukagua kama fomu imejazwa, kubadilisha picha, kuonyesha onyo. Mwaka 1999 kampuni ya Microsoft iliingiza katika Internet Explorer 5 nyenzo iliyowezesha ukurasa kuomba taarifa kutoka kwa seva kimyakimya, mtumiaji akiendelea na kazi yake. Nyenzo hiyo ilikusudiwa barua pepe za ofisini, na kwa miaka kadhaa haikuvuta macho ya wengi.

Sambamba na hayo kulikuwa na njia nyingine. Teknolojia ya Flash, iliyoanza mwaka 1996 na kuendelezwa na kampuni ya Macromedia, iliweka ndani ya ukurasa michoro inayotembea, sauti, na michezo. Ni kampuni hiyo iliyoeneza mwaka 2002 jina la programu tajiri za intaneti. Utajiri huo, hata hivyo, ulikuwa wa macho zaidi kuliko wa lugha. Maandishi yaliyowekwa ndani ya faili la Flash yalifungwa humo: mitambo ya utafutaji ilipata shida kuyasoma, na mfasiri asiye na faili la asili hakuweza kuyagusa. Msaada wa Flash ulikoma rasmi mwishoni mwa mwaka 2020, na sehemu kubwa ya maandishi yaliyokuwamo yakawa hayafikiki tena kwa kivinjari cha kawaida.

Njia iliyoshinda ni ile ya kwanza. Gmail ilitolewa Aprili 2004, na Desemba mwaka huo Google ikaonyesha kisanduku cha utafutaji kilichopendekeza maneno kwa kila herufi iliyochapwa. Februari 2005 ikaja Google Maps, ambamo ramani iliburutwa kwa kidole cha kipanya bila ukurasa kupakiwa upya. Mwezi huohuo Jesse James Garrett aliupa mtindo huu jina la Ajax. Baadaye viwango vya HTML5, vilivyokamilishwa Oktoba 2014, viliyafanya mambo yaliyohitaji Flash yawezekane katika ukurasa wa kawaida.

Tangu hapo neno ukurasa lilibaki jina tu. Kilichokuwa mbele ya mtumiaji kilikuwa programu inayoishi ndani ya kivinjari, inayojibu kila tendo lake kwa tendo jingine. Na kila jibu lilikuwa na maneno.

4.0 Afrika Mashariki: Setilaiti, Mkongo na Mwaka 2009

Programu za namna hii zinadai mawasiliano ya haraka. Ukurasa wa kusoma ukichelewa, msomaji husubiri mara moja kisha akasoma kwa raha. Programu inayouliza seva kwa kila herufi humsubirisha mtumiaji kwa kila herufi. Katika Afrika Mashariki ya miaka ya mwanzo ya 2000, sehemu kubwa ya mawasiliano ya nje ilipitia setilaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi lilipanda na kushuka, na jibu likapanda na kushuka vilevile, hivyo safari nzima ilikaribia kilomita 144,000. Hata kwa kasi ya nuru, hiyo ni karibu nusu sekunde kabla seva haijafanya kazi yoyote. Kwa sababu hiyo, fedha peke yake zisingetosha kuondoa ucheleweshaji huo maadamu njia ilikuwa setilaiti.

Hali hiyo inaeleza kwa nini juhudi za mwanzo za kukiingiza Kiswahili katika vyombo vya kutenda hazikuanzia kwenye wavuti. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi yenye menyu za Kiswahili iliyosimikwa ndani ya kompyuta yenyewe. Katika wavuti, Wikipedia ya Kiswahili ilikuwa imeanza mwaka 2003, ikiwaruhusu wasomaji kuhariri, ingawa kwa utaratibu wa zamani wa kutuma ukurasa na kusubiri urudi.

Januari 2008, vurugu zilizofuata uchaguzi nchini Kenya zilizaa programu iliyokuja kujulikana duniani kote. Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walikuwa miongoni mwa walioijenga. Wananchi walituma taarifa za matukio kwa wavuti au kwa ujumbe wa simu, nazo zikaonekana katika ramani. Wakaiita Ushahidi. Miaka miwili baadaye programu hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010. Huko, ujumbe wa waathirika uliandikwa kwa Kikrioli cha Haiti, na wenyeji wa nchi hiyo waliokuwa ughaibuni walijitolea kuutafsiri ili waokoaji waelewe mtu yuko wapi na anahitaji nini. Tukio hilo linafundisha jambo ambalo takwimu za idadi ya kurasa haziwezi kufundisha: katika ukurasa wa kutenda, lugha isiyoeleweka huzuia tendo lenyewe.

Mwaka 2009 ulikuwa wa aina yake. Juni, toleo la Kiswahili la Facebook lilizinduliwa baada ya kutafsiriwa na kundi la wanazuoni wa Kiswahili. Julai, mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi, ukizigusa Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka huohuo mkongo wa TEAMS uliiunganisha Mombasa na Fujairah katika Falme za Kiarabu, na mwaka 2010 ukafuata EASSy. Njia za nchi kavu zikaufikisha uwezo huo Uganda na Rwanda. Katika mwaka huo wa 2009, pia, Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya tafsiri, kisha ikaanzisha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili lililowashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu. Vizuizi viwili, cha umbali na cha uhaba wa maandishi, vilianza kulegea kwa pamoja. Cha tatu kikaanza kuonekana.

5.0 Sentensi Inayoundwa Papo Hapo

Tuchukue tendo dogo kuliko yote: mtumiaji amefuta kitu, na programu inataka kumjulisha. Katika Kiingereza, lugha ambayo programu nyingi huandikwa kwanza, mtengenezaji huandika kipande kimoja chenye pengo, kisha programu hujaza pengo kwa nomino yoyote. Umbo la kitenzi halibadiliki. Katika Kiswahili, nomino inayoingia hubadilisha kitenzi:

(1) a. Picha imefutwa.
b. Jina limefutwa.
c. Kitabu kimefutwa.
d. Ujumbe umefutwa.
e. Mtumiaji amefutwa.

Kipande kimoja cha Kiingereza kinadai maumbo matano ya Kiswahili, na hapo bado hatujaingia katika wingi. Umilikishi nao una tabia hiyohiyo:

(2) a. Picha ya Asha
b. Jina la Asha
c. Kitabu cha Asha
d. Ujumbe wa Asha

Hata mpangilio wa maneno huathirika. Idadi katika Kiingereza hutangulia nomino, na katika Kiswahili huifuata. Programu iliyopangwa kuandika tarakimu kwanza hutoa *5 picha zimefutwa badala ya Picha 5 zimefutwa, na mfasiri hana uwezo wa kuhamisha tarakimu ikiwa pengo lake limefungwa mahali pamoja.

Matatizo haya hayakuwapo katika ukurasa wa kusoma, kwa kuwa mwandishi wa ukurasa huo aliijua nomino alipoandika kitenzi. Mfasiri wa programu haijui. Hupewa orodha ya vipande vilivyokatwa kutoka katika muktadha wao, na vipande hivyo vitakuja kuunganishwa baadaye, mbele ya mtumiaji, na mashine isiyojua ngeli.

Mfasiri aliyefungwa hivyo ana njia nne. Njia ya kwanza ni kugandisha umbo moja, kwa kawaida lile la ngeli ya I-ZI, na kuliacha litumike kwa nomino zote. Matokeo yake ni sentensi kama *Mtumiaji imefutwa. Njia ya pili ni kuweka nomino kivuli inayobeba upatanisho kwa niaba ya nomino halisi: Kipengee kimefutwa: Asha. Sentensi ni sahihi, lakini imemgeuza Asha kuwa kipengee.

Njia ya tatu ni kumfanya mtumiaji kuwa kiima: Umefuta picha, Umefuta jina, Umefuta kitabu. Hapa kitenzi hupatana na mtumiaji anayeambiwa, na nomino yoyote isiyo ya kiumbe hai inaweza kufuata. Njia hii ndiyo iliyo karibu zaidi na mazungumzo ya kawaida, lakini hukwama kwa nomino za viumbe hai, ambazo kwa kawaida hudai kiambishi cha mtendwa: Umemfuta mtumiaji. Tena haifai pale ambapo aliyefuta si mtumiaji mwenyewe.

Njia ya nne ni kukimbilia ngeli ya KU: Kufuta picha kumekamilika, Kufuta jina kumekamilika. Kitenzi-jina hubeba upatanisho wake chenyewe, na nomino inayofuata haina nguvu juu yake, isipokuwa tena kiumbe hai kikitaka kiambishi chake. Ni njia salama kisarufi, na pengine ndiyo sababu huvutia wafasiri makini. Ila ina gharama. Watumiaji wengi hulalamika kwamba Kiswahili cha kwenye vioo ni kikavu na kimejaa majina ya vitendo badala ya vitendo. Lawama hiyo huelekezwa kwa mfasiri, kana kwamba amepungukiwa na umahiri. Uchambuzi huu unaonyesha kwamba ukavu huo, kwa sehemu kubwa, ni alama ya umbo la pengo alilopewa.

Inaweza kudaiwa kwamba kila lugha hupata shida ya namna hii. Ni kweli. Kifaransa na Kiarabu zina jinsia za kisarufi, na lugha za Kislavi zina maumbo ya wingi zaidi ya moja. Lakini tofauti ya kihistoria ipo hapa: mifumo ya kutafsiri programu ilitengenezewa mapema njia za kushughulikia umoja na wingi, na baadaye jinsia, kwa sababu lugha hizo zilikuwa na wasemaji wenye masoko na wahandisi wenye sauti. Kiswahili kiliingizwa katika mifumo hiyo kama lugha yenye maumbo mawili tu, umoja na wingi, sawa na Kiingereza. Ngeli hazikuombewa nafasi. Jambo la kutia moyo ni kwamba kizuizi cha kiufundi hakipo tena: mifumo ya sasa inamruhusu mtengenezaji kuchagua umbo la sentensi kwa kigezo chochote anachokitaja, na kigezo hicho kinaweza kuwa ngeli. Mlango upo, ila haujagongwa.

6.0 Uzito wa Suala Hili kwa Eneo Letu

Pengine itasemwa kwamba katika Kiswahili kinachozungumzwa bara, kuanzia mijini Kenya hadi mashariki mwa Kongo, upatanisho hurahisishwa kila siku, na mawasiliano hayavunjiki. Hoja hiyo inastahili jibu. Urahisishaji wa wasemaji una kanuni zake, nao hufanywa na watu wanaoelewana. Mara nyingi wasemaji hao hao wanaolegeza upatanisho wa vitu hubaki na upatanisho wa watu. Atakayesema kitabu imepotea hatasema kwa wepesi mwalimu imepotea. Mashine haitofautishi. Inavunja pale ambapo hata lahaja iliyolegea haivunji.

Aidha, katika Uganda, Rwanda na Burundi, wengi hukutana na Kiswahili kama lugha ya pili au ya tatu, na hukipata kwa maandishi kabla ya kukipata kwa mazoea ya nyumbani. Kioo cha simu kwao ni mwalimu, apende asipende. Mwanafunzi anayesoma mara kumi kwa siku sentensi iliyoganda katika ngeli moja anafundishwa sarufi ambayo mwalimu wake wa darasani atalazimika kuifuta.

Suala hili linagusa pia haki. Maombi ya pasipoti, vyeti, leseni na malipo ya kodi katika nchi zetu yamehamia katika programu tumizi za wavuti. Mwombaji anapokosea, ni ujumbe wa kosa unaomwambia arekebishe nini. Ujumbe huo ukiwa umevunjika, hubadili lugha kwenda Kiingereza akiweza, na asipoweza humtafuta kijana wa kumjazia fomu, akimkabidhi na nenosiri lake. Kiswahili kimepata heshima kubwa katika miaka ya karibuni: Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, UNESCO ilitangaza mwaka 2021 kwamba tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha yake ya kazi. Heshima hizo zimeandikwa katika hati, yaani katika ukurasa wa kusoma. Mwananchi anakutana na dola katika ukurasa wa kutenda.

7.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba wavuti ilipogeuka kutoka maktaba kuwa karakana, mahitaji yake kwa lugha yaligeuka pia. Katika maktaba Kiswahili kilihitaji waandishi. Katika karakana kinahitaji sarufi yake ijulikane na mashine. Kuongeza istilahi bila kulitazama jambo hili ni sawa na kuongeza matofali pasipo udongo wa kuyashika.

Kazi inayopendekezwa si ya kubuni kitu kipya. Kamusi ya Kiswahili Sanifu na kamusi nyingine za wahidi zimekuwa zikionyesha kwa miongo mingi, mbele ya kila nomino, namna inavyopatanishwa. Taarifa ambayo mtengenezaji wa programu anaihitaji ndiyo hiyo hasa. Tunapendekeza kwamba taasisi zenye dhamana, zikiwamo BAKITA, BAKIZA, TATAKI na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, zishirikiane kutoa orodha ya nomino pamoja na ngeli zake katika muundo unaosomeka na mashine, na iwe huru kutumiwa na yeyote. Pili, serikali zinapoagiza programu za huduma kwa umma, mkataba ulazimishe kwamba mfasiri apewe sentensi nzima na muktadha wake, wala si vipande. Tatu, mafunzo ya tafsiri katika vyuo vikuu vyetu yaingize somo la sentensi zenye mapengo, ili mhitimu ajue lini atumie kiima cha mtumiaji, lini ngeli ya KU, na lini alirudishe pengo kwa mhandisi na kulikataa.

Lililo gumu zaidi katika haya ni la tatu, kwa kuwa linamtaka mfasiri azungumze na mhandisi kama mwenzake. Historia ya kamusi ya mwaka 1994 na ya ramani ya mwaka 2008 inaonyesha kwamba mazungumzo hayo yamewahi kufanyika. Kinachosalia ni kuyafanya kuwa utaratibu.